Mgeni wa siku tatu

Hakuna mtoto hata mmoja. Hilo ndilo linalonishtua kila ninapoutazama mchoro wa Mfaransa Eugène Delacroix wa mwaka 1834, "Wanawake wa Algiers katika chumba chao", uliomo Louvre jijini Paris. Ni mchoro mkubwa, karibu meta 1.8 kwa 2.3, na vitu vingine vyote vya nyumbani vimo. Ukutani kuna vigae vya maua. Kuna kabati la ukutani lenye milango myekundu iliyoachwa wazi kidogo, na vyombo vya kioo vinameta ndani yake. Chini kuna zulia, mito, buruma ambayo vijana wa leo wanaiita shisha, na makubadhi yaliyovuliwa yakaachwa palepale. Wanawake watatu wameketi: mmoja ameegemea mito upande wa kushoto, wawili wako karibu na buruma. Wa nne, mwanamke mweusi, amesimama upande wa kulia. Anaondoka huku amegeuza shingo kuwatazama wenzake.

Aliyelelewa katika nyumba za pwani yetu atakuambia kwamba chumba cha wanawake kisicho na mtoto, katikati ya mchana, ni chumba cha ajabu. Hamna pia bibi kizee. Hamna sindano wala uzi, hamna ungo wa mchele, wala jirani aliyekuja kuazima kitu akasahau kuondoka. Hakuna anayezungumza. Watu watatu wazima wamekaa pamoja, na midomo yote imefungwa.

Sitaki kumwonea Delacroix. Hakuwa kama wenzake wengi walioichora "Mashariki" bila kutoka nje ya Ufaransa, ingawa na yeye alianza hivyohivyo: mwaka 1827, kabla hajakanyaga Afrika, alichora kifo cha mfalme Sardanapalus, kitanda kikubwa chekundu na masuria wakichinjwa kandokando yake. Lakini Januari 1832 alifika Tangier akiwa katika msafara wa Comte de Mornay, mjumbe aliyetumwa na mfalme wa Ufaransa kwa Sultani wa Moroko, Moulay Abd er-Rahman. Ufaransa ilikuwa imeiteka Algiers tarehe 5 Julai 1830 na ilitaka jirani huyo asiingilie. Delacroix akazunguka Moroko kwa miezi, akajaza madaftari kwa michoro ya haraka na maelezo ya rangi. Mwishoni mwa Juni, wakati wa kurudi, wakapitia Algiers. Alikaa hapo siku tatu hivi.

Katika siku hizo tatu ndipo alipoingia ndani ya nyumba ya Mwislamu. Mhandisi wa bandari, Mfaransa aitwaye Poirel, alimshawishi mtu aliyekuwa chini yake kazini, nahodha wa zamani wa enzi za Dey, yaani mtawala wa Algiers kabla ya Wafaransa, akubali kumfungulia mgeni huyu mlango wa ndani.

Tuliangalie jambo hilo vizuri. Kwetu mtu hupiga hodi akangoja. Asipoitikiwa mara ya tatu, anajiondokea, na hakuna anayemlaumu mwenye nyumba. Heshima yote ya hodi imo katika uwezo wa mwenyeji kunyamaza. Nahodha yule alikuwa anaombwa na mkuu wake wa kazi, katika mji ambao nyumba zilikuwa zinabomolewa kupisha uwanja wa jeshi, na ambao kabla mwaka huohuo haujaisha msikiti wa Ketchaoua ungegeuzwa kanisa. Akaitikia. Wanahistoria wa sanaa hulisimulia tukio hili kama bahati njema ya msanii. Mimi kila nikilisoma namfikiria mwanamume yule akitangulia ukumbini kwenda kuwaambia wake zake, au dada zake, kwamba kuna mtu anakuja kuwatazama.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaitumia methali hii kuwasukuma wageni wavivu, lakini inatufunza pia namna nyumba inavyojionyesha. Siku mbili za mwanzo mgeni huonyeshwa zulia. Wenyeji wanavaa, wanakaa, wanamwacha ale kwanza. Anaposhika jembe ndipo anapoanza kujua nani anaamka mapema, nani ana ufunguo wa stoo na nani hasemeshani na nani. Delacroix aliondoka kabla ya jembe, akarudi Paris na nguo, vyombo na madaftari, na miaka miwili baadaye akauweka mchoro wake mbele ya watu katika maonyesho ya Salon. Dola ikaununua.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Inasimuliwa na watu waliokuwa karibu na Poirel kwamba Delacroix alipoona chumba kile alisisimka mno, akasema ni uzuri wa zama za Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale: mwanamke katika sehemu yake ya nyumba akilea watoto, akisokota sufu, akidarizi vitambaa vya ajabu, na kwamba huyo ndiye mwanamke kama yeye anavyomwelewa. Maneno haya yametufikia kwa kusimuliwa, kwa hiyo sing'ang'anii kila neno. Lakini yapokee kama yalivyo, kisha urudi kwenye mchoro. Watoto wako wapi? Sufu iko wapi? Na kitambaa kinachodariziwa? Darizi za Algiers, hariri juu ya kitani, kazi ya wanawake majumbani, ziko katika makumbusho mpaka leo. Msanii aliyasifia mambo hayo kwa kinywa chake, halafu brashi ikayapitisha mbali. Kilichobaki ni mwanamke ambaye mikono yake haina kitu ila mrija wa buruma.

Hata majina yaliondolewa. Katika michoro ya haraka aliyoichora akiwa na wanawake hao aliandika pembeni nani ni nani: Mouni, Zohra, Bayah. Alikuwa anawajua kwa majina. Mchoro ulipokamilika wakawa "wanawake wa Algiers", na kwa jina hilo wamejulikana hadi Picasso alipowarudia mara 15 mwaka 1954 na 1955, wakati vita vya ukombozi wa Algeria ndiyo kwanza vimeanza, na hadi toleo lake la mwisho lilipopigwa mnada New York mwaka 2015 kwa zaidi ya dola milioni 179.

Marehemu bibi yangu alishona kofia za vito. Nakumbuka alivyokaa mkekani, mguu mmoja ameukunja, kipande cha kofia kiko pajani, anatoboa tundu kwa sindano, analizungushia uzi, anakaza, anahamia la pili. Kofia moja ilimchukua wiki nyingi. Alikuwa akishona anaweza kumsomesha mjukuu juzuu, kumkemea mwingine na kusikiliza taarabu redioni, vyote kwa pamoja, bila kuinua kichwa. Ada ya shule ya mama yangu ilitoka katika vitundu vile. Mpita njia ambaye angechungulia dirishani kwa dakika moja angemwona mwanamke mnene aliyekaa chini, basi. Kukaa kule kulikuwa kazi, na ilihitaji mtu abaki mle ndani ili aielewe.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomtetea Delacroix kwa kusema vigae ni vya kweli, nguo ni za kweli, buruma ni ya kweli. Ni kweli kabisa, na hapo ndipo penye tatizo. Mtazamaji wa Paris aliyeona kigae kilichochorwa sawasawa aliamini pia ule uzembe unaokizunguka. Msomi wa Kipalestina Edward Said alipoandika mwaka 1978 juu ya uorientalisti, yaani ule mtindo wa Ulaya wa kuitungia Mashariki sura kisha kuitawala kwa sura hiyo, jalada la kitabu chake lilibeba mchoro wa Gérôme, Mfaransa mwingine, wa mtoto mcheza na nyoka. Nyuma ya mtoto yule kuna ukuta wa vigae vya buluu uliochorwa kwa uangalifu mkubwa. Gérôme hakukosea vigae.

Ingres, mchoraji Mfaransa wa enzi za Delacroix, ni habari nyingine. Huyu hakuwahi kufika Mashariki. Mwaka 1814 alichora "Odaliski Mkuu", mwanamke uchi mwenye mgongo mrefu kupita kiasi, kwa agizo la Caroline Murat, malkia wa Naples. Neno lenyewe odaliski limetoka katika Kituruki, odalık, mtumishi wa chumbani. Kufika Ulaya likapoteza ufagio na ndoo likawa mwanamke aliyelala. Mwaka 1862, akiwa mzee wa miaka 82 na akiandika umri huo kwa fahari juu ya mchoro, akamaliza "Hamamu la Kituruki": duara lililojaa wanawake uchi zaidi ya 20, wamebanana kama matunda kapuni.

Habari za hamamu alizipata kwa mwanamke wa Kiingereza, Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi, aliyeingia hamamu mjini Sofia mwaka 1717 na barua zake zikachapishwa 1763. Ingres alinakili vipande vya barua hizo katika daftari lake. Na barua zinasema nini? Kwamba wanawake walimpokea mgeni kwa adabu ambayo asingeipata katika ikulu za Ulaya. Kwamba wengine walikuwa wanazungumza, wengine wana kazi mikononi, wengine wanakunywa kahawa. Kwamba hamamu ni mkahawa wa wanawake, mahali pa kupata habari zote za mji. Wakamhimiza avue. Alipofungua nguo kidogo wakaona koseti iliyombana kifua na kiuno, wakashangaa: walidhani mumewe ndiye aliyemfungia ndani ya mtambo ule, na kwamba yeye mwenyewe hana uwezo wa kuufungua.

Nafikiri hakuna mahali pengine katika maandishi ya Ulaya ya karne ile ambapo jicho limegeuzwa upande wa pili kwa uwazi namna hii. Wanawake wa Sofia walimtazama mwanamke huru wa Uingereza wakaona mfungwa, wakamwonea huruma. Ingres aliyasoma yote hayo. Kazi hakuichora. Mazungumzo hakuyachora, wala koseti. Miili tu ndiyo aliyoichukua.

Kwa hiyo mara mbili, kwa wachoraji wawili waliokuwa mahasimu wa kisanaa, mambo yametokea yaleyale. Taarifa iliyowafikia ilikuwa na kazi na maneno ndani yake, mchoro ukatoka bila hayo. Siamini kuwa ni bahati mbaya. Nyumba yenye kazi ina uchumi wake, ina sheria na ugomvi wake, ina watu wanaojua wanataka nini. Ukiitoa kazi, nyumba inabaki ukumbi wa kungoja, na anayetazama anajiona yeye ndiye aliyekuwa anangojewa. Kwa Ufaransa iliyokuwa ndiyo kwanza imechukua Algiers na haijaamua itaifanyia nini, picha hiyo ilikuwa tamu kuamini.

Neno harimu lenyewe lilibadilishwa roho. Sisi tunalijua kwa ndugu zake: haramu, maharimu, ihramu, Msikiti wa Haram wa Makka. Ni mahali palipohifadhiwa, ambapo si kila mtu anaruhusiwa kuingia. Msikiti na chumba cha mama yako vimepewa mzizi mmoja wa neno kwa sababu vyote viwili vina mlango usiovamiwa. Ulaya ikalichukua likawa na maana moja tu, pahala pa matamanio ya mwanamume mmoja.

Na walikuwepo Wazungu waliochora vinginevyo. Henriette Browne, Mfaransa aliyefika Istanbul mwaka 1860 na mumewe, aliingia kwa kuwa ni mwanamke, na katika Salon ya 1861 akaonyesha wanawake waliovaa kutoka shingoni hadi miguuni, wanapokea wageni, chumba kipana chenye mapambo machache. Mwandishi Théophile Gautier alimsifu, akasema kwa maana hii kwamba wanaopaswa kwenda Uturuki ni wanawake tu. Hata Delacroix mwenyewe alipoalikwa kweli alichora kweli. Huko Tangier, Abraham Benchimol, mkalimani Myahudi wa ubalozi mdogo wa Ufaransa, alimpeleka kwenye harusi ya Kiyahudi Februari 1832. Mchoro alioutoa baadaye na kuuonyesha 1841 umejaa watu: wapiga ala wameketi, mwanamke anacheza, wageni wamesimama mlangoni, nyumba ina kelele. Pale alikuwa mgeni harusini, na inaonekana.

Lakini jibu lililo karibu nasi zaidi lilitoka Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Beit il-Mtoni. Akatoroka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akafiwa naye 1870 akiwa na watoto wadogo mjini Hamburg, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani kwa jina la Emily Ruete. Alikuwa ameishi Ulaya karibu miaka 20. Alikuwa amechoka kuulizwa. Katika sura yake juu ya wanawake wa Mashariki anawalalamikia wasafiri wanaokaa Istanbul, Misri, Tunis au Moroko wiki au miezi michache kisha wanaandika kitabu kinene juu ya maisha ya ndani ambayo hawakuyaona.

Yeye anaandika saa. Anaeleza siku nzima ya nyumba kwa kufuata sala tano: nani anaamka lini, chakula kinaandaliwa lini, wakati gani watu wanashona na kudarizi, wakati gani wanatoka jioni na mafanusi kwenda kutembeleana. Anazitaja lugha zilizosikika Mtoni, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi, Kihabeshi. Anamtaja Azza bint Seif, mke mkuu wa baba yake, mwanamke mfupi ambaye Sultani mwenyewe alikuwa anamsikiliza. Anasimulia alivyojifunza kuandika kwa siri, wakati wasichana walifundishwa kusoma tu, akinakili herufi za Qur'ani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwandiko ule ukawa na matokeo. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipopanga kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani, aliyeandika barua za njama ni Salme, msichana wa miaka 15. Na nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari, dada zake Khole na Salme walikwenda na kundi la wanawake, wakamfunika ndugu yao nguo za kike, wakatoka naye mbele ya macho ya askari ambao hawakuthubutu kumfunua mwanamke. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na miaka 11 baadaye akawa Sultani.

Weka chumba hicho cha Unguja kando ya chumba cha Delacroix. Kitambaa ni kilekile, pazia ni lilelile.

Hata hivyo, nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo na kumfanya Salme shahidi asiye na doa. Anapotetea kwamba mke wa Kiarabu ni sawa na mumewe kwa hadhi na haki, anaweka mpaka: hawahesabu masuria walionunuliwa. Mama yake mwenyewe, Jilfidan, alikuwa suria, Mcherkesi aliyetekwa utotoni. Juu ya watumwa Waafrika anaandika kwa moyo mgumu unaotia uchungu, na utumwa anautetea. Zanzibar ilifunga soko la watumwa mwaka 1873, ikafuta hadhi ya utumwa kisheria mwaka 1897, na hata hapo masuria wakaachwa nje hadi 1909. Wako watu leo wanaoitetea nyumba ya zamani ya Kiarabu dhidi ya Wazungu kwa kuisafisha kabisa, kana kwamba kahawa ilijipika na maji yalijichota kisimani. Huko nako ni kuitoa kazi ndani ya nyumba, na mimi sioni tofauti kubwa na alichofanya Delacroix.

Wapo pia wanaoutumia utumwa huohuo kwa nia nyingine. Gérôme alichora soko la watumwa mwaka 1866, mwanamke mweupe uchi anakaguliwa meno na wanunuzi wa Kiarabu. Ufaransa yake ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake miaka 18 tu iliyotangulia. Mwaka 2019 tawi la Berlin la AfD, chama cha Kijerumani cha mrengo mkali wa kulia, lilibandika mchoro huo mitaani wakati wa kampeni za uchaguzi wa Bunge la Ulaya, na maneno ya kuwaonya Wajerumani Ulaya isije ikageuka "Eurabia", yaani Ulaya ya Waarabu. Jumba la makumbusho la Clark la Marekani linalomiliki mchoro lilipinga, lakini haki za mchoro zilikwisha zamani, halikuwa na la kufanya. Miaka zaidi ya 150, na picha bado inafanya kazi.

Na kwetu? Mwaka jana niliingia hoteli moja ya Mji Mkongwe, sitaitaja. Ukutani mapokezi kuna nakala kubwa ya mwanamke wa mtindo wa Ingres, amelala kwenye mito, feni ya manyoya mkononi. Chini yake alikaa binti wa mapokezi amejitanda mtandio, anajibu simu mbili kwa lugha tatu, na daftari la mahesabu limefunguliwa mbele yake. Nilimuuliza picha ile ni ya nani. "Ndiyo mambo ya zamani ya hapa, kaka," akasema, kwa upole, akaendelea na simu. Sikuwa na moyo wa kumbishia. Lakini nilisikia vibaya, kwamba binti wa Unguja ameuziwa bibi asiye wake.

Delacroix aliurudia mchoro wake karibu miaka 15 baadaye. Toleo la pili, la mwaka 1849, liko Montpellier. Ni dogo zaidi, na wanawake wamesogezwa nyuma kwenye giza, kama mtu anayejaribu kukumbuka chumba alichokiona mara moja tu ujanani. Yule mwanamke mweusi bado yuko kulia, bado ni yeye peke yake aliye kwa miguu. Safari hii ameshika pazia, amelinyanyua, na nyuma ya pazia lile ndiko kuna jiko, kisima, watoto na nyumba yote iliyosalia.